Kibanzi ni cha mti au ni cha kiazi?

Ijumaa moja baada ya sala, mjukuu wangu alinijia barazani akiwa amekishika kidole chake kwa mkono wa pili, machozi yakimlengalenga. Alikuwa akicheza na wenzake karibu na mlango mkuukuu ulioegemezwa ukutani, na mti ukamchoma. Nikavaa miwani, nikakitazama kidole, nikamwambia: "Tulia, baba. Ni kibanzi tu. Nenda kwa nyanya yako akupe sindano, nikitoe."

Machozi yakakauka papo hapo, mtoto akaangua kicheko. "Babu nawe! Vibanzi haviingii kidoleni. Vibanzi vinaliwa kwa tomato!"

Nalicheka naye, na kibanzi nikakitoa. Lakini usiku ule neno lile lilinikaa kooni. Huyu ni mtoto wa Mombasa, mwana wa mji, na babu ya baba yake alikuwa seremala aliyekula na kulea kwa tezo na randa. Leo kwake yeye kibanzi ni kitu kimoja tu: kiazi kilichokatwa vipande virefu vyembamba kikakaangwa kwa mafuta. Kile kibanzi cha mti, kilichokuwako kabla ya karai la chipsi kufika pwani hii, hakijui hata kinapomchoma.

Sina budi kuungama mbele yako, msomaji mpenzi. Zamani magazeti na vitabu vyetu vilipoanza kuviita viazi hivyo "vibanzi", mimi nilikuwa miongoni mwa walioguna. Nilisema neno "chipsi" latosha. Watu wamelizoea, na Kiswahili hakijapata kuona haya kukopa. Meza tulipewa na Wareno, gari tukapewa na Wahindi, na hakuna aliyekufa. Nilisema pia kwamba kiazi si mbao, na kwamba anayempa mtu sahani ya vibanzi anamlisha kuni. Barazani kwetu yuko mwalimu mmoja mstaafu aliyelitetea neno hilo kwa nguvu zake zote, nasi tulibishana hata kahawa ikapoa vikombeni.

Ili nimfunge mdomo mwenzangu, nikaenda kulichimba neno la Kiingereza lenyewe, "chip", nione limetoka wapi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nami niliingia.

Boriti iliyogeuka kibanzi

Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, lilikuwako neno "cipp". Maana yake haikuwa kipande chembamba hata kidogo. Lilikuwa gogo, au boriti, na hasa ule mti wa plau unaoshika ulimi wa jembe. Wako wataalamu wanaolihusisha na neno la Kilatini "cippus", maana yake nguzo au kigingi. Kufika karne ya 14, Waingereza walikuwa tayari wanaliita "chip" lile pande dogo linaloruka shoka linapoupiga mti. Basi neno limeshuka kutoka gogo hadi kwenye kile kinachotoka kwenye gogo. Boriti imekuwa kibanzi.

Hapo nikakumbuka kwamba hata sisi maneno hayo mawili tumeyaweka pamoja. Waliofasiri Injili kwa Kiswahili walipofika kwenye ule mfano wa mtu anayeliona doa katika jicho la nduguye asilione lililo kubwa katika jicho lake mwenyewe, waliuandika kwa maneno mawili ya mafundi wa pwani: kibanzi na boriti. Na boriti ni mali yetu hasa. Ni mikoko iliyokatwa Lamu na kwingineko katika pwani hii, ikajengewa dari za nyumba zetu za mawe, na kwa miaka mingi ikapakiwa majahazini kupelekwa Arabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti ya kujengea. Msomaji wa bara aliyelijua neno kibanzi kabla ya kuijua chipsi, huenda alilijulia hapo.

Kisha nikaona jambo la pili. Waingereza hawakuishia mtini. Kikombe kikigongwa na ukingo wake ukameguka, wao husema kikombe kina "chip". Sisi tungesema kina pengo. Vile vidude vya duara vinavyohesabiwa badala ya fedha katika kamari ni "chips" pia. Na mtoto aliyefanana na babake kwa sura na tabia huitwa kibanzi cha gogo lile lile, msemo ulioanza kuandikwa katika karne ya 17. Mwaka 1781, William Pitt mdogo alipohutubu bungeni London kwa mara ya kwanza, Edmund Burke alimsifu kwamba huyu si kibanzi cha gogo la zamani tu, bali ni gogo lenyewe. Sisi twasema maji hufuata mkondo, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Wao wakamtazama seremala.

Vibanzi vilivyogombewa

Lakini kisa kilichonishika zaidi ni cha mafundi wa meli. Katika karne za 17 na 18, serikali ya Uingereza ilikuwa na viwanda vikubwa vya kuundia manowari, pahali kama Chatham, Deptford, Woolwich na Portsmouth. Ujira wa mafundi ulikuwa haba, tena mara nyingi ulichelewa kwa miezi. Basi desturi iliwapa haki moja: jioni kila fundi aliweza kutoka na mabaki ya mbao akapikie nyumbani. Mabaki hayo yaliitwa "chips".

Msomaji anayewajua mafundi hana haja ya kuambiwa yaliyofuata. Mbao nzima zikaanza kukatwa ili ziwe "mabaki". Vibanzi vikarefuka hata vikafika futi 3, na yasimuliwa kwamba katika miji hiyo nyumba nyingi zilikuwa na ngazi na makabati yaliyojengwa kwa vipimo vya vibanzi hivyo. Mwaka 1753 wakuu wakaamrisha kwamba mzigo usiwe mkubwa kuliko unaobebeka kwapani. Kubeba begani kukapigwa marufuku. Mafundi wakakasirika, na miaka 3 baadaye huko Chatham walitoka langoni wamebeba mabegani makusudi. Haki hiyo ilifutwa mwaka 1801, na badala yake fundi wa meli akaongezwa peni 6 kwa siku.

Nchini Marekani, mwaka 1830, gazeti moja la New York lilieleza mchezo wa vijana wapendao ugomvi: mmoja huweka kibanzi begani, akamkaidi mwenzake akiangushe kama ni mwanamume. Ndiyo maana hata leo mtu mwenye kinyongo cha daima, ambaye kila neno kwake ni tusi, Waingereza na Wamarekani humwambia ana kibanzi begani. Wako wanaotaka kuunganisha msemo huu na wale mafundi wa Chatham. Mimi siwaungi wala siwapingi. Ninachosema ni kwamba kitu ambacho watu wamekipigania malangoni hakiwezi kuitwa takataka.

Na hapa ndipo mwalimu mstaafu alipopata ushindi wake. Uingereza mpaka leo seremala humwita kwa utani "chippy". Na duka la kuuza samaki na chipsi, hilo nalo ni "chippy". Neno moja, milango miwili. Yule niliyemwambia kwamba kiazi si mbao alikuwa anafanya yale yale waliyoyafanya wenye chipsi zao.

Kutoka karakana hadi jikoni

Neno hili liliingia jikoni polepole. Mwaka 1817, daktari mmoja wa London aitwaye William Kitchiner alichapisha kitabu cha mapishi kilichosomwa sana, na katika kitabu hicho mna maelezo ya kukaanga viazi vilivyokatwa vyembamba. Neno alilolitumia kuvieleza ni lile la maranda, yaani zile tepe za mbao zinazojikunja zikitoka kwenye randa. Hata mpishi hakupata mfano mwingine ila wa karakana. Mwaka 1859 Charles Dickens, katika hadithi yake ya London na Paris wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, alivitaja vipande vya viazi vya kukaanga kuwa ni chakula cha mtaa wa maskini, na neno alilovipa ni "chips". Mwaka mmoja baadaye hivi, Joseph Malin alikuwa akiuza samaki na chipsi mashariki ya London, na John Lees naye akafanya biashara hiyo hiyo Mossley, kaskazini ya nchi. Nani alimtangulia mwenzake, mpaka leo wanashindana.

Baadaye Waingereza na Wamarekani wakapotezana njiani. Mmarekani akisema "chips" ana maana ya zile kavu nyembamba zinazovunjika mdomoni, ambazo Mwingereza huziita "crisps". Zile ndefu za moto, Mmarekani huzipa jina la Ufaransa. Kenya tumefuata njia ya Uingereza, kwa hiyo Mkenya akiagiza chipsi Marekani huweza kuletewa mfuko wa kukwaruza meno.

Sisi wa Mombasa zile kavu tunazijua kwa jina letu. Nenda jioni Lighthouse, jua likizama na upepo wa bahari ukivuma, umwone muuzaji anavyoukwangua muhogo juu ya karai la mafuta yanayochemka. Vipande vinaanguka vyembamba kama karatasi, vinajikunja, vinaokolewa, vinatiwa pilipili na ndimu. Hiyo ni kachiri, neno lenye asili ya Bara Hindi, na hakuna kamati yoyote iliyokaa kulitunga. Lilikuja na watu, likakaa na watu. Ikiwa kachiri tuliipokea bila kelele, kwa nini kibanzi, kilicho cha damu yetu, nimfungie mlango?

Kibanzi cha mchanga

Neno hili lingeishia jikoni ningelala. Lakini liko pia mfukoni mwako, msomaji, ndani ya simu.

Tarehe 12 Septemba 1958, mhandisi Jack Kilby aliwaonyesha wakubwa wake wa kampuni ya Texas Instruments, huko Dallas, kipande kidogo cha jermaniumu alichokusanyia pamoja sehemu ambazo hadi siku hiyo ziliundwa mbalimbali na kuungwa kwa nyaya. Mwaka uliofuata Robert Noyce, wa kampuni ya Fairchild huko California, akabuni njia ya kufanya hivyo kwa silikoni. Kitu hicho kikaitwa "chip". Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa chipu iliyokuwa na swichi ndogo zipatazo 2,300. Katika simu za bei ghali za leo, chipu iliyo ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba ina zaidi ya bilioni 10.

Nilidhani jina hilo ni mzaha wa wahandisi, mpaka nilipojua inavyotengenezwa. Silikoni hutolewa katika mawe na mchanga wa kwatzi. Huyeyushwa na kusafishwa, kisha huvutwa polepole ikawa nguzo ndefu ya mviringo, mfano wa gogo. Gogo hilo hukatwa visahani vyembamba, na kila kisahani hugawanywa vipande vidogo vidogo. Basi tazama: gogo, msumeno, kibanzi. Neno limezunguka miaka 1,000 likarudi pale pale lilipozaliwa.

Mataifa mengine kila moja limejitafutia njia. Wafaransa wameiita "puce", yaani kiroboto, kwa udogo wake. Waarabu wametumia "shariha", neno la pande jembamba lililokatwa, kama mnofu wa nyama au samaki. Ndugu zetu walioko Oman na Ghuba wakienda kununua laini ya simu, hilo ndilo wanaloulizwa. Waarabu wana pia "ruqaqa", litokanalo na wembamba, na jamaa yake ni jina la mikate yao iliyo laini kama kitambaa. Hapana hata mmoja aliyeona haya kwenda sokoni au jikoni kwake kutafuta jina la kitu kipya.

Kuni za kalamu

Narudi sasa kwetu. Marehemu baba alikuwa na karakana ndogo Mji wa Kale. Akichonga kwa tezo, vibanzi viliruka mpaka kizingitini. Akipiga randa, maranda yalimfunika miguu. Jioni sisi watoto tulivikusanya kwa kikapu tukampelekea mama, naye akaviwashia jiko. Vibanzi vya mvule viliwaka kwa utulivu, maranda yalikuwa ya kuanzia moto tu. Na juu ya moto ule, siku za neema, mama alitukaangia mihogo na viazi. Chini ya karai vibanzi, na juu ya karai vibanzi, nami nimekaa katikati nikingoja. Yote mawili nilikuwa nayo utotoni, kisha nikakua nikabishana barazani kama kwamba hayajuani!

Chuoni nako tulifunzwa adabu ya vibanzi. Maalim wetu alikuwa bado na kalamu za unyasi, naye alizichonga kwa kisu kidogo chenye makali. Vile vijipande vilivyoanguka hakutuachia tuvikanyage. Tuliviokota kimoja kimoja tukaviweka kando, kwa kuwa vimetoka katika kalamu, na kalamu inaandika elimu. Siku moja alitusimulia habari za Ibn al-Jawzi wa Baghdad, mwanachuoni aliyeandika vitabu visivyohesabika na kufariki mwaka 1201. Habari hizo zimo katika kitabu cha wasifu cha Ibn Khallikan. Yasemwa kwamba Ibn al-Jawzi aliviweka vibanzi vyote vya kalamu alizoziandikia Hadithi za Mtume, hata vikawa rundo kubwa, akausia kwamba atakapokufa, maji ya kumkoshea yapashwe moto kwa vibanzi hivyo. Wakafanya hivyo. Vikatosha, na vingine vikabaki.

Nilikuwa mtoto, na hesabu iliyonijia ilikuwa ya kitoto: ni kalamu ngapi hizo? Leo nina miaka hamsini na kitu, na hesabu yangu ni nyingine. Nauliza mtu wa kazi ya maneno, kama mimi, atabakisha nini chini anapoinuka, na nani atakayekiokota.

Kwa hiyo nimelegeza msimamo wangu, na nimemwambia mwalimu mstaafu hivyo mbele ya mashahidi. Anayetaka kula vibanzi na ale, na anayetaka chipsi na ale. Njaa ni ile ile, na Kiswahili ni kipana. Neno kuhama karakana likaenda jikoni si kosa. Ndivyo lilivyofanya la Waingereza, na ndivyo maneno yalivyo hai.

Ila iko tofauti moja, na hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Mwingereza alipolipeleka neno lake jikoni, na kamarini, na ndani ya kompyuta, hakulifukuza karakana. Hata leo akiona vipande vya mti chini ya shoka ataviita kwa jina lile lile. Sisi tunaelekea kulihamisha neno na kuifunga nyumba nyuma yake. Mtoto anajua kibanzi cha kula, hajui kibanzi cha mti. Kesho atalisoma lile neno katika mfano wa jicho, adhani ndugu wale wametiliana viazi machoni! Na si hilo pekee. Muulize kijana tofauti ya kibanzi na randa, ya kigae na pengo, ya chenga na chembe. Kila kimoja kina pahali pake: kigae ni cha chungu, chenga ni za mchele, chembe ni ya mchanga. Vikiitwa vyote "vipande", hatutakuwa tumepoteza maneno tu, tutakuwa tumepoteza macho ya kuvitenganisha.

Dawa yake si kuandika barua za kulaumu. Jumamosi iliyofuata nilimshika mjukuu wangu mkono nikampeleka kwa fundi mmoja wa milango, mzee ambaye bado anashika patasi. Mtoto alisimama akatazama. Fundi akapiga tezo mara moja, kipande kikaruka, kikamwangukia miguuni. Akakiokota, akakinusa.

"Hiki ndicho kibanzi, Babu?"

"Ndicho."

Akakitia mfukoni. Njiani tukirudi, tukapita kwa mwenye karai, nikamnunulia vibanzi vya aina ya pili, na beti hii nikampa bure:

Asili yako mtini, kwa tezo ukachomoka,
Ukashuka hadi chini, ukaitwa takataka,
Leo wakaa mezani, kwa chumvi umepambika,
Usisahau nyumbani, gogoni ulikotoka.